Gari Linalotembelea Silinda Tatu: Namna ya Kuitafuta Silinda Iliyokufa na Sababu ya Kifo Chake

Injini ya silinda nne ikiwa nzima hupiga mdundo mmoja usiokatika, na mtu aliyelizoea gari lake hufika mahali akaacha kabisa kuusikia. Siku silinda moja inapokufa, mdundo huo hupata pengo. Usukani hutetemeka mkononi gari likiwa limesimama kwenye foleni, vioo vya pembeni hucheza, na ukiweka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi unahisi pumzi tatu zikifuatana kisha pengo, tatu kisha pengo. Mafundi husema gari linamisi, au linatembelea silinda tatu, na mwenye gari husema limekosa nguvu mlimani. Wote wanasema kweli, lakini hakuna kati yao aliyekwisha kusema ugonjwa ni upi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu kati ya dalili hiyo moja na chanzo chake kuna vifaa vingi ambavyo kila kimoja kinaweza kuuzwa dukani kama dawa.

Mfano nitakaoutumia ni injini ya Toyota ya 5A-FE, ya ujazo wa sentimita za ujazo 1498, iliyofungwa katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, zikiwamo zile za 110 ambazo bado zinaonekana kila siku katika barabara zetu. Moja kati ya hizo ni ya jirani yangu. Ilipoletwa uani kwetu ilikuwa imekwisha kufungwa plagi nne mpya, nyaya mpya za plagi na nozeli (kifaa cha kunyunyizia petroli) moja iliyotumika, kila kimoja kwa wakati wake na kwa ushauri wa mtu tofauti, na bado ilikuwa inatetemeka vilevile. Hakuna aliyekuwa ameuliza ni silinda namba ngapi iliyokufa. Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia kila spana.

Silinda inadai vitu vitatu ili ifanye kazi: mchanganyiko wa hewa na petroli ulio katika kipimo kinachoweza kuwaka, mgandamizo wa kutosha pistoni inapopanda, na cheche yenye nguvu inayoruka kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, viwili vinavyobaki havina faida. Katika injini ya mapigo manne kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo injini inayozunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta huwasha kila silinda mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Kwa 5A-FE zamu hiyo huenda kwa mpangilio wa 1-3-4-2, namba 1 ikiwa ile iliyo upande wa taiming belti. Silinda moja ikifa, hasara huzidi ile robo ya nguvu inayohesabika kwa haraka, kwa kuwa pistoni iliyokufa haitoki kazini. Inaendelea kupanda na kushuka, kuvuta hewa na kuigandamiza, na nguvu ya kuiburuza inatolewa na zile tatu zilizo hai.

Wapo wanaoendelea kuliendesha gari la namna hii kwa miezi, kwa hoja kwamba linafika linakokwenda. Ikiwa silinda imekosa cheche na petroli bado inaingia, petroli hiyo isiyoungua huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuziacha ringi za pistoni zikisuguana na chuma kikavu, na nyingine huteremka hadi kwenye sampu, birika la oili chini ya injini, na kuifanya oili kuwa nyepesi. Inayobaki hutoka na moshi hadi kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, huko ikaungua mahali isipotakiwa kuungua, na masega huweza kupata moto mkali kiasi cha kuyeyuka na kuziba njia. Hapo ugonjwa wa kifaa cha bei ndogo unakuwa umezaa ugonjwa wa pili, ulio ghali kuliko wa kwanza.

Kuna athari nyingine ambayo huwapoteza hata mafundi wazuri. Magari yenye sensa ya oksijeni katika ekzosi hupima moshi ili kompyuta ya injini, ambayo gereji nyingi huiita kontroli boksi, ijue kama petroli ni nyingi au kidogo. Silinda isiyowaka hutoa nje hewa yote iliyoivuta, oksijeni ikiwa haijatumika. Sensa inahesabu oksijeni peke yake na haioni petroli iliyofuatana nayo, kwa hiyo inaiarifu kompyuta kwamba hewa imezidi, na kompyuta huongeza petroli kwa silinda zote nne. Matokeo yake ni kwamba ulaji wa mafuta unapanda sana, na plagi za silinda tatu zilizo nzima zinageuka nyeusi kwa masizi. Anayezifungua plagi hizo anaona dalili za petroli nyingi, anaanza kuiwinda sensa ya hewa au rejuleta ya mafuta, na kila anapoendelea anazidi kuwa mbali na silinda iliyo mgonjwa.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haiwezi kumwokoa mtu hapa, angalau si kwa magari ya umri huu. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996 yalilazimishwa kuwa na mfumo wa OBD-II, ambao hutambua silinda inayokosa kuwaka na kuitaja kwa kodi, yaani namba ya kosa, ya P0301 hadi P0304 kwa injini ya silinda nne. Corolla nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo ndizo zilizotufikia, zina mfumo wa zamani zaidi: unaunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha, na unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi 14 kwa mfano inasema alama ya mfumo wa moto haikurudi kwenye kompyuta. Hakuna kodi inayosema kwamba silinda namba 3 haiwaki. Fundi anayepima, akakuta taa inapepesa kwa mfululizo wa kawaida, akasema kompyuta haioni tatizo, amesema ukweli wa kompyuta; ukweli wa injini bado haujatafutwa.

Kuitafuta silinda iliyokufa ni kazi ya dakika chache. Injini ikiwa imewaka na kupata joto, unachomoa soketi ya umeme ya nozeli moja na kusikiliza, unairudisha, unakwenda nyingine. Ukikata mafuta ya silinda iliyo hai, injini inashtuka na kushuka mara moja. Ukikata ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika, kwa sababu umemnyima chakula mtu ambaye hakuwa anakula. Inafaa kusikiliza ule mshtuko wa mwanzo na kutosubiri, kwa kuwa valvu ya hewa inayodhibiti mzunguko wa injini ikisimama hufunguka yenyewe kufidia, na baada ya sekunde chache injini inakuwa imejirekebisha na kukuficha jibu. Wengi hufanya jaribio hili kwa kuchomoa waya wa plagi, na ndivyo tulivyofundishwa wakati wa kabureta. Kwa injini ya nozeli sioni sababu ya kufanya hivyo: umeme huo hufikia maelfu mengi ya volti na hutafuta njia popote, ukipitia mkononi au ukiichosha koili inayouzalisha, na wakati huohuo petroli ya silinda uliyoinyima moto inakwenda kwenye masega. Kwenye gari la kabureta, ambako huna nozeli ya kuchomoa, tumia koleo lenye mpini wa mpira na hakikisha waya uliochomolewa umeunganishwa na plagi ya ziada inayogusa chuma cha injini.

Kama mikono haifiki au soketi zimekakamaa kwa uzee, lipo jaribio la pili ambalo ni la upole zaidi. Washa injini ikiwa baridi kabisa, acha inguruma kwa dakika moja, kisha elekeza kipimajoto cha mwanga kwenye kila tawi la manifoldi ya ekzosi. Tawi la silinda iliyokufa litakuwa nyuma ya mengine kwa joto, na tofauti huwa kubwa hata mtu asiye fundi akaiona. Wasio na kipimajoto hudondoshea kila tawi tone moja la maji: matatu yanachemka na kutoweka, la nne linakaa. Liwe tone tu, kwa sababu maji mengi juu ya chuma cha kusubu chenye moto hukipasua.

Kwenye Corolla ya jirani, silinda tatu zilishtuka na namba 3 ikanyamaza. Kuanzia hapo orodha ya watuhumiwa inafupika sana, na kufupika huko kunatokana na kufikiri tu, bila kufungua nati hata moja. Betri, koili, pampu ya mafuta, chujio la petroli, sensa ya hewa na kompyuta ni mali ya silinda zote. Kimojawapo kikiharibika, silinda zote zinaumwa pamoja. Silinda moja peke yake ikifa, vitu hivyo karibu vyote vimetoka hatiani, na anayetaka kukuuzia pampu ya mafuta kwa ugonjwa huu aombwe kwanza aeleze ni vipi pampu hiyo inazichagulia silinda tatu na kuinyima ya nne. Vinavyobaki ni vile ambavyo silinda inavimiliki peke yake: plagi yake, waya wake, ncha yake ndani ya kava la distributa (kifaa kinachoigawia kila plagi umeme kwa zamu), nozeli yake na soketi yake, gasketi ya tawi lake la hewa, valvu zake nne, ringi zake na sehemu yake ya gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini. Hoja hii inategemea aina ya injini, na inafaa kuwa makini. 5A-FE ina distributa na koili moja kwa silinda zote. Injini za baadaye kama 1NZ-FE zina koili juu ya kila plagi, na huko koili inarudi kuwa mtuhumiwa wa kwanza.

Sasa fungua plagi ya silinda hiyo na uisome kabla hujaifuta. Ikitoka imelowa na kunuka petroli, mafuta yamefika na moto haukufika, au mgandamizo haukutosha kuuwezesha moto huo kuwasha. Ikitoka kavu na safi isivyo kawaida, mafuta hayafiki, na uende kwenye nozeli. Ikiwa na oili nyeusi yenye utando, kuna ringi au sili za valvu zinazopitisha oili. Ikiwa imeoshwa ikang'aa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapomwagikia, gasketi ya hedi inafaa kushukiwa mapema. Tazama pia kauri nyeupe: mstari mwembamba kama wa penseli uliochorwa kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ambayo umeme umejitengenezea nje ya plagi, na plagi yenye mstari huo haifai tena hata ikisafishwa.

Kisha hamisha. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote, na haigharimu chochote: chukua plagi ya silinda iliyokufa uifunge kwenye silinda iliyo hai, na ya huko uilete hapa, kisha urudie jaribio la kukata mafuta. Ugonjwa ukihama na plagi, umeshapata jibu. Ugonjwa ukibaki palepale, plagi haina kosa, na sasa unahamisha waya, iwapo urefu unaruhusu. Hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike ulichokifanya, kwa kuwa ukibadilisha plagi na waya kwa pamoja na gari likapona, utakuwa umelitibu bila kujua ulilitibu nini, na likirudia kuumwa utaanza upya.

Kwenye familia hii ya injini kuna mahali pamoja ambapo moto hupotea mara nyingi kuliko pengine pote. Plagi zimezama ndani ya visima vilivyo katikati ya hedi, baina ya kamshafti mbili, mihimili inayofungua valvu, na waya hushuka humo kwa kofia ndefu ya mpira. Gasketi za tapeti kava, mfuniko wa juu wa hedi, zinapozeeka, oili huvujia ndani ya visima hivyo taratibu, mpira hulowa, huvimba na kulainika, na umeme huanza kurukia ukutani kabla haujafika kwenye plagi. Ukichomoa waya ukauona umeng'aa kwa oili hadi nusu ya kofia, kubadilisha waya peke yake kutakusaidia kwa miezi michache tu, kwani chanzo ni gasketi iliyo juu yake. Maji nayo hufanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Gari lililopelekwa kuoshwa likiwa zima, boneti ikafunguliwa na injini ikapigwa maji ya presha, likarudi linamisi, lisipelekwe dukani kununua chochote: litolewe nyaya, visima vipulizwe kwa kompresa hadi vikauke, na kava la distributa lifunguliwe lifutwe unyevu ndani.

Nyaya zenyewe hupimwa kwa mita ya umeme, na Toyota imeweka kikomo cha kiloomu 25 kwa waya mmoja. Unaozidi hapo umechoka. Hata hivyo waya unaweza kuwa na kipimo kizuri na bado ukavuja kwa nje, na hilo mita hailioni. Jaribio lake hufanywa usiku. Zima taa zote, funua boneti injini ikiwa imewaka, na nyunyiza maji kidogo sana kama ukungu juu ya nyaya. Waya unaovuja hujionyesha wenyewe kwa cheche ndogo za samawati zinazotambaa juu ya mpira na kurukia chuma kilicho karibu, na mlio wake mdogo wa kutatarika unasikika. Ndani ya kava la distributa angalia ncha nne za chuma. Ncha iliyolika sana au kufunikwa na unga mweupe kuliko wenzake ni ya silinda yake tu, na ufa mwembamba kwenye plastiki unaweza kuunganisha silinda mbili ambazo hazikutakiwa kuonana.

Moto ukithibitika, zamu ni ya petroli. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na sikio kwenye mpini. Nozeli iliyo hai hugonga tik tik tik kwa kasi na kwa usawa, na iliyokufa hunyamaza. Ikinyamaza, usiilaumu kabla hujapima soketi yake, kwa sababu plastiki za miaka 25 zilizokaa juu ya injini huwa zimekauka, vibano vyake huvunjika, na mara nyingi waya umekatika ndani ya soketi huku nje ukionekana mzima. Ukipima katikati ya pini mbili za nozeli za injini hizi unatakiwa kupata takriban oomu 13 hadi 14. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili ya ndani imekatika. Ikiwa inagonga na bado haileti mafuta, imeziba, na hapo kuhamisha kunasaidia tena, ingawa kazi ni kubwa zaidi: mfumo una presha, petroli itaruka, na pete za mpira zinazozunguka nozeli zifungwe mpya ili zisije zikavuja juu ya manifoldi yenye moto.

Hewa inayoingia pasipo ruhusa hupitwa na wengi. Gasketi ya tawi moja la hewa ikipasuka, au mpira mdogo wa hewa ulio karibu na tawi hilo ukichomoka, silinda hiyo peke yake hupata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopimiwa, na haiwaki. Dalili yake inajitenga na nyingine: gari linatetemeka vibaya likiwa limesimama, lakini ukikanyaga mafuta linatulia, kwa sababu hewa inayoibwa ni ileile wakati hewa halali imeongezeka mara nyingi. Ugonjwa wa moto hufuata njia iliyo kinyume. Waya au plagi dhaifu inaweza kuvumilia gari likisimama, kisha ikashindwa mlimani, kwa kuwa silinda ikijaa hewa presha hupanda na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kulivuka pengo. Ukimwuliza mwenye gari linamisi lini hasa, na ukamsikiliza, unaweza kuokoa nusu ya kazi.

Katika miji kama Dar es Salaam, ambako magari mengi ya petroli yamefungwa mfumo wa gesi asilia, lipo swali moja la kuongeza: je, linamisi kwenye gesi tu? Ukirudisha swichi kwenye petroli na ugonjwa ukatoweka, moto, valvu na ringi havina lawama kubwa, na utafute kwenye nozeli za gesi na mipira yake, au kwenye plagi zenye pengo kubwa, maana gesi inadai cheche yenye nguvu zaidi. Mwenye gari la dizeli la zamani, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya silinda sita, naye anaweza kutumia hoja ileile ya kukata mafuta kwa kulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, akiwa amefunika kwa kitambaa kizito na mikono ikiwa mbali na mlipuko wa mafuta. Hilo ni kwa pampu za mitambo peke yake. Dizeli za kisasa zenye reli ya pamoja zina presha inayoweza kupenya ngozi na kumkata mtu kiungo, na nati zake zisiguswe injini ikiwaka.

Kwa namba 3 ya jirani yangu, plagi ilihamishwa na ugonjwa haukuhama. Waya ulikuwa mpya na mzima, kisima kikavu, nozeli ikigonga vizuri, na plagi ilitoka imelowa petroli. Vitu viwili kati ya vitatu vilikuwapo, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa mgandamizo, na mita ya kompresheni, ambayo gereji nyingi zinayo kabatini, ilikuwa haijaguswa kwa muda wote huo.

Kupima kompresheni kuna masharti yake, na yakivunjwa namba zinazotoka hazina maana. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, plagi zote nne ziwe zimetolewa ili stata izungushe kwa wepesi, soketi za distributa na nozeli ziwe zimechomolewa ili pasiwe na cheche wala petroli, na mtu akanyage pedali ya mafuta hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Kila silinda izungushwe kwa idadi ileile ya mipigo, minne au mitano. Injini hii ikiwa na afya hutoa takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 190, isishuke chini ya takriban 140, na silinda zisipishane kwa zaidi ya psi 14 hivi. Tulipata 185, 180, 55 na 185. Namba 3 isingeweza kuwaka hata ikifungwa plagi ya dhahabu.

Mita inasema presha inapotea. Haisemi inapotelea wapi. Kijiko kimoja cha oili kikimiminwa kwenye tundu la plagi huziba kwa muda pengo la ringi, kwa hiyo ukipima tena na namba ikapanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika. Kwetu ilipanda kutoka 55 hadi 60, yaani karibu hapakuwa na badiliko, na ringi zikawekwa kando. Silinda mbili zinazopakana zingekuwa zimeanguka pamoja, ningeishuku gasketi ya hedi iliyopasuka baina yake. Hapa ilianguka moja. Jaribio la mwisho lilikuwa kuipeleka pistoni ya namba 3 juu kabisa katika pigo la mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza, gia ikiwa imewekwa na mikono ikiwa mbali na feni, kwa maana hewa hiyo inaweza kuizungusha injini. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, valvu ya kuingizia haifungi. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi, ingawa kuvuja kidogo huko ni kawaida. Mapovu kwenye rejeta ni ya gasketi au ufa. Kijana aliyeinama nyuma ya gari aliinua mkono: hewa ilikuwa ikitoka kwenye ekzosi, kwa mlio wa kufululiza kama tairi lililochomwa msumari.

Hedi iliposhushwa, valvu moja ya kutolea moshi ya namba 3 ilikuwa na pengo ukingoni, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kingo zake zikiwa zimeyeyuka na kuwa laini. Sababu ya kuungua kwake ndiyo inayofaa kujulikana na kila mwenye injini hii. Valvu ya kutolea moshi hupozwa hasa pale inapokalia kiti chake, ikikipa chuma cha hedi joto lake kila inapofunga. Kwa miaka, kiti na uso wa valvu hulika, valvu inazama ndani ya hedi, na shina lake linapanda kuelekea kamshafti. Nafasi iliyoachwa kati ya kamu, nundu ya kamshafti, na tapeti, kikombe kinachoisukuma valvu, ambayo wengi wanadhani huongezeka kwa uzee, hapa inapungua, tena bila kelele yoyote, hadi siku inakwisha kabisa na valvu inaachwa wazi kwa unywele mmoja. Tangu hapo haipoi tena, na moshi wa moto unaopenya kwenye mwanya huo unaikata kama gesi ya kuchomelea. Katika 5A-FE nafasi hiyo haijirekebishi yenyewe. Hurekebishwa kwa visahani vya chuma vya unene tofauti vinavyokaa juu ya tapeti, na kwa kuwa hakuna mlio wa kumwonya mtu, hupita hata kilomita laki mbili bila yeyote kuipima. Magari yanayotumia gesi yafupishiwe muda huo, kwa sababu gesi ni kavu na huvila viti vya valvu haraka zaidi katika injini ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Valvu mpya ilinunuliwa, kiti kikakatwa na valvu ikasagwa hadi petroli iliyomiminwa juu yake haikupenya. Kabla ya hedi kufungwa, fundi alichukua fila geji, kipimo cha mianya myembamba, na kuzipitia valvu zote 16, akiandika vipimo kwa chaki kwenye meza. Nafasi za valvu za kuingizia zilikuwa nzuri, karibu zote zikiwa kwenye milimita 0.2. Za kutolea moshi zilikuwa zimebana zote, na moja ya namba 2, silinda ambayo ilitoa psi 180 na ambayo hakuna aliyekuwa ameilalamikia, ilikuwa imebakiwa na nafasi ya milimita 0.05. Visahani vyake vilibadilishwa siku hiyohiyo.